Kupiga Picha ya Jua kwa Darubini na Kamera Mpya: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Picha ninazotumiwa zinafanana. Duara jeupe lisilo na doa hata moja, limezungukwa na utando wa mwanga. Au skrini nyeusi tii. Au kamera inayolalamika kwamba haioni lenzi na kugoma kabisa kupiga. Aliyetuma ameshanunua kamera mpya, tena nzuri, na swali lake ni lilelile: je, ninunue nyingine?

Usinunue. Katika karibu kila kisa nilichokifuatilia, kamera haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye milimita chache kati ya kamera na darubini, au kwenye saa ya kupiga, au kwenye fokasi iliyoachwa nusu njia. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake na usiruke hata moja, hasa ya kwanza.

## Vifaa vya kuwa navyo mkononi

- Darubini yoyote yenye kipenyo cha milimita 60 na kuendelea.
- Kichujio cha jua cha kuvaa mbele ya darubini.
- Kamera ya kubadilishia lenzi, iwe DSLR (zenye kioo ndani) au zile mpya zisizo na kioo ndani.
- Ringi ya T, yaani ringi inayokaa mahali pa lenzi ili kamera iungane na darubini, inayolingana na mdomo wa kamera yako. Ringi ya Canon haiingii Nikon, na ringi ya Canon za zamani haiingii Canon mpya zisizo na kioo.
- Pua, yaani adapta ya inchi 1.25 au inchi 2 inayoingia kwenye bomba la darubini.
- Lenzi ya Barlow (lenzi ya kukuza) ya mara 2 kama una darubini ya Newton, yaani ya vioo; bomba la nyongeza kama una darubini ya lenzi. Sababu iko kwenye hatua ya 4.
- Stendi imara. Yenye mota ni bora, lakini si lazima.
- Rimoti, au programu ya kamera kwenye simu.
- Kanga nzito au kitenge cha rangi nyeusi. Hiki kifaa wengi hukidharau, nami sitoki bila hicho.
- Kofia na maji ya kunywa.

## Hatua ya 1: Kichujio kwanza, kabla ya jambo jingine lolote

Darubini hukusanya mwanga wa jua na kuubana mahali padogo kuliko ukucha. Bila kichujio, jicho linaharibika kabla hujahisi maumivu, kwa sababu retina haina neva za maumivu. Kamera nayo huungua, na zile zisizo na kioo ziko hatarini zaidi kwa kuwa sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea picha, hukaa wazi muda wote.

Kichujio sahihi hukaa mbele, pale mwanga unapoingilia. Kama darubini yako ya zamani ilikuja na kigae kidogo cheusi cha kuskrubia kwenye lenzi ya jicho, kitupe leo. Kigae hicho hukaa mahali joto lilipobanwa, na kinaweza kupasuka ghafla ukiwa umeweka jicho.

Filamu ya kutengenezea kichujio inayotumiwa na wengi ni AstroSolar ya kampuni ya Baader, nayo iko ya aina mbili, zikitofautishwa kwa OD, kipimo cha jinsi filamu inavyozuia mwanga. Ya OD 5 hupitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga, na inafaa kwa jicho na kwa kamera. Ya OD 3.8 hupitisha mwanga mwingi zaidi karibu mara 16, na ni ya kamera pekee. Kama nyumbani kuna watoto, au kama watu watakuja kuchungulia, nunua ya OD 5 na usahau habari ya ile nyingine.

Karatasi moja ya ukubwa wa A4 inatosha darubini nyingi. Kata vipande virefu vya manila ngumu, vizungushe kwenye mdomo wa darubini mpaka upate ringi mbili zinazobana, kisha laza filamu katikati yake kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Usiivute ikakaza kama ngozi ya ngoma. Filamu iliyolegea kidogo, yenye mikunjo inayoonekana, hutoa picha nzuri, iliyovutwa huiharibu.

Kabla ya kila matumizi, iinue kuelekea taa kali ndani ya nyumba uikague. Ukiona kitobo kinachong'aa au mchubuko, hiyo filamu imekwisha kazi. Ukishaivisha, ifunge kwa vipande vitatu vya utepe kwenye bomba la darubini, maana upepo wa ghafla haupigi hodi.

Filamu ya eksirei, CD, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya jua: hakuna hata kimoja kinachofaa. Beseni la maji nalo halilindi jicho.

Halafu kuna kile kidarubini kidogo cha kulengea kilicho ubavuni. Kivue au kifunike pande zote mbili. Siku moja nilikiacha wazi, nikainama kuokota rimoti, mkono wa shati langu ukapita nyuma yake. Nilisikia harufu ya pamba inayoungua kabla sijaona moshi, na kitambaa kilibaki na tundu la ukubwa wa punje ya ulezi. Lile tundu lingeweza kuwa kwenye jicho la mtu.

Ukifaulu: darubini ukiitikisa na kuiinamisha, kichujio hakisogei, na hakuna tundu jingine lolote linaloelekea juani likiwa wazi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya ukubwa wa jua kwenye sensa

Jua angani lina upana wa takriban nusu digrii. Gawa urefu wa fokasi wa darubini yako (umbali ambao mwanga husafiri ndani yake hadi picha ijiunde) kwa 107, utapata upana wa jua kwenye sensa kwa milimita.

Darubini ya milimita 900 itakupa jua la milimita 8.4. Ya milimita 1,500 itakupa 14. Ya milimita 2,000 itakupa karibu 19. Sensa ya APS-C, ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida, ina kimo cha milimita 15 hivi, kwa hiyo hiyo ya mwisho haitaingiza jua zima. Ya fremu kamili, yenye kimo cha milimita 24, itaingiza.

Hesabu hii pia inakuonyesha kwamba huhitaji kamera ya bei mbaya. Kamera ya kawaida ya APS-C yenye megapikseli 24 italichora lile jua la milimita 8.4 kwa zaidi ya pikseli 2,000 kwa upana. Hizo zinatosha kuchapisha picha na kuitundika sebuleni.

## Hatua ya 3: Iandae kamera ukiwa ndani ya nyumba

Hapa ndipo kamera mpya inapowashinda watu. Darubini haina waya wala chipu ya kuongea na kamera, kwa hiyo kamera inaamini haina lenzi, na nyingi zimetoka kiwandani zikiwa zimeagizwa zisipige bila lenzi. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele kinachoruhusu kupiga bila lenzi, kiwashe. Kila kampuni imekificha mahali pake. Kitabu cha kamera kitakuelekeza.

Kisha weka haya:

- Modi ya M, ya kuweka kila kitu mwenyewe.
- ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100.
- Picha za RAW (ghafi), maana JPEG hupoteza taarifa utakazozitaka baadaye.
- Mizani ya rangi nyeupe (white balance): iweke ya mchana, usiiache kwenye otomatiki.
- Kizuia mtikisiko: zima. Kamera ikiwa kwenye stendi, kinaweza kuitikisa badala ya kuituliza.
- Shata ya kielektroniki kama ipo. Kwa DSLR, tumia skrini badala ya kitundu cha kuchungulia, na uweke kioo kiinuke kwanza kabla ya kupiga.

Ukifaulu: bonyeza kitufe kamera ikiwa na ringi ya T tu, bila lenzi. Ikipiga, umevuka.

## Hatua ya 4: Tafuta fokasi usiku, kwa mwezi

Hatua hii haimo katika miongozo mingi, na ndiyo ingewaokoa wengi. Mwezi una ukubwa uleule wa jua machoni petu, uko mbali vya kutosha, na hauunguzi kitu. Mazoezi yote ya kuunganisha kamera yafanye kwake, bila kichujio.

Toa lenzi ya jicho na kile kipinda mwanga cha kona, ingiza pua ya kamera moja kwa moja, kisha zungusha gurudumu la fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama skrini. Moja kati ya mambo matatu litatokea.

Mwezi unakuwa mkali. Basi, umemaliza. Darubini za Schmidt-Cassegrain, yale mapipa mafupi manene, kwa kawaida hazina shida hapa.

Bomba la fokasi limeingia ndani mpaka mwisho, na mwezi bado ni ukungu. Huu ndio ugonjwa wa darubini za Newton. Picha inajiunda ndani ya bomba, sensa haiwezi kuifikia kwa sababu imekaa ndani kabisa ya mwili wa kamera. Ingiza lenzi ya Barlow kati ya darubini na kamera. Inaisukuma picha nje mpaka ikutane na sensa. Kumbuka tu kwamba Barlow ya mara 2 inazidisha urefu wa fokasi takriban mara mbili, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2.

Bomba limetoka nje mpaka mwisho, na bado. Huu ni wa darubini za lenzi. Umetoa kile kipinda mwanga, na safari ya mwanga ikafupika kwa sentimita kadhaa. Bomba la nyongeza la milimita 50 hadi 80 linaziba pengo hilo.

Ukishapata fokasi, chora mstari mwembamba kwa kalamu ya wino usiofutika pale bomba lilipofikia. Kesho asubuhi, macho yakiwa yamezidiwa na mwanga, mstari huo utakuwa rafiki yako mkubwa.

## Hatua ya 5: Chagua saa na mahali

Watu hutoka saa sita mchana kwa sababu jua liko juu na linawaka. Ni saa mbaya kuliko zote. Ardhi imeshapata joto, hewa inapanda ikitetemeka kama juu ya jiko la mkaa, na ukingo wa jua unachemka kwenye skrini. Hakuna kamera inayotibu hilo.

Kwa huku Afrika Mashariki, toka kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Jua limeshapanda juu ya tabaka zito la hewa ya upeoni, na ardhi bado haijachemka. Simama kwenye nyasi. Usilenge juu ya paa la bati la jirani, usisimame kwenye lami wala uwanja wa saruji. Mwenye nafasi ya kukaa karibu na maji, jua likiwa upande wa maji, ana bahati.

Kuna sababu nyingine ya kuepuka mchana. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Darubini ikielekezwa wima hivyo, kamera hugonga miguu ya stendi, na stendi za kuzunguka na kuinuka zinashindwa kulifuata. Wenye stendi za ikweta, zile zinazoinamishwa kulingana na latitudo ya mahali, wana shida yao: zimetengenezwa kwa watu wa kaskazini, na nyingi hazishuki hadi latitudo ya digrii 1 ya Nairobi wala digrii 7 ya Dar. Ya kuzunguka na kuinuka ndiyo chaguo langu kwa ukanda huu. Kama ni ya kompyuta na jua halimo kwenye orodha yake, ujue limefichwa kwa usalama. Liwashe kwenye menyu.

Bila mota pia inawezekana. Jua husogea upana wake mzima kwa dakika 2 na zaidi kidogo. Liweke pembeni mwa fremu, liache lipite katikati, piga.

Kabla hujatoka, angalia picha ya leo ya SDO, setilaiti ya NASA ya kutazama jua, iliyorushwa mwaka 2010, ambayo inapatikana bure kwenye intaneti. Oktoba 2024 NASA na NOAA (shirika la Marekani la bahari na angahewa) walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, na kilele hufuatwa na miaka ya madoa, yale mabaka meusi ya uso wa jua, kupungua. Kama leo SDO inaonyesha jua safi, usiilaumu fokasi yako kwa kukosa madoa.

## Hatua ya 6: Lenga kwa kivuli

Usichungulie kufuata bomba kwa jicho. Geuka, lipe jua mgongo, tazama kivuli cha darubini chini. Kikiwa kirefu, hujalenga. Sogeza mpaka kivuli kipungue, kipungue, kiwe duara dogo kabisa la mdomo wa bomba. Hapo jua limeingia au liko jirani sana.

Skrini ikibaki nyeusi, ongeza ISO hadi 1600 kwa muda na upunguze kasi ya shata. Mwanga utaanza kuonekana upande mmoja, fuata huko. Ukilipata, rudisha ISO 100.

Usiiache darubini imeelekea juani nusu saa nzima ukisubiri wingu lipite. Joto la ndani ya bomba huharibu picha. Ifunike kwa taulo jeupe.

## Hatua ya 7: Fokasi kali

Hapa kaa. Dakika kumi si nyingi.

Jifunike kanga, wewe na nyuma ya kamera pamoja, kama wapiga picha wa zamani wa studio. Ndani ya giza hilo skrini inakuwa hai. Bila kanga unakisia.

Ikuze skrini mara 10. Anza na ukingo wa jua: zungusha gurudumu la fokasi taratibu mpaka ukingo uwe mwembamba na mkali, pitiliza kwa makusudi mpaka ulegee tena, kisha rudi. Fanya hivyo mara tatu au nne, kila mara kwa mzunguko mdogo zaidi. Halafu hamia kwenye doa. Doa zuri lina sehemu mbili: kiini cheusi, na pindo la kijivu linalokizunguka. Pindo likijitenga na kiini, umefika.

Hewa itakuchezea, picha itakuwa kali sekunde moja, ukungu inayofuata. Usiifukuze kwa kugeuza gurudumu. Subiri ule mtulio mfupi, hukumu hapo.

Na je, lile doa ni la jua au ni vumbi? Sogeza darubini kidogo. Doa likienda pamoja na jua, ni la jua. Likibaki palepale kwenye fremu, ni vumbi la sensa. Lipulize kwa pampu ndogo ya mpira, usitumie mdomo.

## Hatua ya 8: Pima mwanga

Gawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha darubini upate namba ya f. Milimita 900 kwa kipenyo cha 90 ni f/10. Kwa kichujio cha OD 5 na ISO 100, anza hivi:

- f/5: sekunde 1/1000
- f/7: sekunde 1/500
- f/10: sekunde 1/250

Ukiwa na OD 3.8, shata iwe na kasi mara 16 zaidi.

Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye skrini ya kamera, usiamini mwangaza wa skrini. Kilima cha jua kikae kwenye theluthi mbili hadi robo tatu kuelekea kulia, kisiguse ukuta. Kikigusa, ndiyo lile duara jeupe lisilo na kitu: madoa yamo, ila mwanga umeyameza.

Ukifaulu: jua linaonekana jeupe au la kijivu, katikati pakiwa na mwanga zaidi na kingo zikififia kidogo. Kufifia huko ni tabia ya jua lenyewe. Usishtuke kukosa rangi ya machungwa. Filamu hii haitoi rangi, na ukiitaka utaipaka baadaye.

## Hatua ya 9: Piga nyingi

Picha moja ni bahati nasibu na hewa. Piga 100, kwa rimoti, kwa mafungu ya kumi kumi, ukiangalia fokasi kila baada ya fungu, kwa sababu bomba likipata joto hutanuka na fokasi husogea. Usiguse kamera wakati wa kupiga.

Mwenye kamera inayopiga video kwa pikseli halisi za sensa, bila kupunguza, anaweza kurekodi dakika moja ya eneo la madoa badala yake. Video ya kawaida iliyopunguzwa haina faida hiyo.

## Hatua ya 10: Kwenye kompyuta

Programu tatu za bure zinatosha. PIPP inaliweka jua katikati ya kila fremu. AutoStakkert inazipanga kwa ubora na kuzilaza moja juu ya nyingine. Chukua asilimia 10 hadi 20 zilizo bora, uache nyingine. ImPPG inanoa. Kwenye kunoa ndipo mikono mingi huwa mizito: ukiona ukingo wa jua umepata mstari mweupe, umezidisha, rudi nyuma.

Linganisha na picha ya SDO ya siku hiyo. Yako inaweza kuwa imepinduka au imegeuka kama kwenye kioo. Izungushe mpaka madoa yakae pamoja. Kwa darubini ya milimita 100 na zaidi, asubuhi tulivu, utaanza kuona uso wote una chembechembe kama mchele uliomwagwa. Kila chembe ni povu la gesi lenye upana wa kilomita 1,000 hivi. Piga tena kesho na keshokutwa, na utaona madoa yamehama, maana jua linajizungusha, na doa huvuka uso wake kwa karibu wiki mbili.

Fanya mazoezi haya sasa, kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua. Giza kamili litapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor, Jeddah na Makka, hadi Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania zitaona sehemu tu, mchana. Kwenye kupatwa kwa sehemu kichujio hakitoki hata sekunde moja. Aliye kwenye njia ya giza kamili anakitoa pale tu jua lote lilipofunikwa, na anakirudisha kabla chembe ya kwanza ya jua haijachomoza.

## Hatua ya 11: Kufunga, kwa mpangilio

Hapa watu wamechoka, wana kiu, na picha zimeshapatikana. Kwanza geuza darubini iachane kabisa na jua. Kisha zima kamera, itoe, na ufunike mdomo wake. Funika upande wa lenzi ya jicho. Ndipo uvue kichujio, uvishe kifuniko cha darubini papo hapo, na ukilaze kichujio kwenye boksi lake gumu, mbali na funguo, skrubu na mikono ya watoto.